Mteja Akiumia Kwako, Nani Analipa? Mwongozo wa Bima ya Dhima kwa Biashara Ndogo za Dodoma

Ukimuuliza mwenye fremu wa Majengo au Sabasaba kama biashara yake ina bima, wengi watakuambia ipo, na watatoa karatasi ya bima ya moto waliyokatiwa walipochukua mkopo benki. Bima hiyo ni nzuri, stoo ikiungua inalipa. Ila mteja akiteleza kwenye vigae vilivyotoka kupigwa deki akavunjika nyonga, au bango la duka likang'olewa na upepo wa kiangazi likatua juu ya gari la mtu, karatasi ile haina la kusema. Gharama hizo ni zako, na zinaweza kuzidi thamani ya duka zima.

Bima inayojibu hapo ni bima ya dhima kwa umma. Kwa wakala ukisema "pabliki layabiliti" atakuelewa haraka zaidi. Kwa mwenye pikipiki au gari wazo lake si geni: ni kama ile bima ndogo, inayomlipa uliyemgonga na wala haikutengenezei chombo chako. Hii inafuata biashara mahali pa magurudumu.

Inakinga nini hasa

Kampuni hailipi kwa sababu tu mtu ameumia kwako. Inalipa pale sheria inapokuona wewe ndiye mwenye kuwajibika: ulipaswa kuchukua tahadhari, hukuchukua, na madhara yakatokana na hapo. Anayejikwaa kwa kamba ya kiatu chake mlangoni pako hakudai kitu. Anayeanguka kwenye ngazi ambayo umeshaambiwa mara kadhaa kwamba imepasuka, anakudai. Ubishi uko katikati ya hao wawili, na ndiyo maana hati nyingi za bima hii hulipia pia wakili wa kukutetea. Watu huisahau faida hii. Mwenye mgahawa mdogo anaweza kushinda kesi na bado akafilisika kwa gharama za kuishinda.

Je, ni lazima kisheria? Bima ndogo ya chombo cha moto ni lazima, hilo kila mtu analijua. Sheria ya Fedha ya 2022 iliongeza ulazima wa bima kwa masoko ya umma, majengo ya biashara, bidhaa zinazoagizwa kutoka nje na vyombo vya majini. Dhima kwa umma kwa duka, saluni au karakana ya kawaida kwa sehemu kubwa imebaki hiari. Kinachokulazimisha ni mikataba: ofisi inayokuita kupika chakula cha semina, mkandarasi anayekupa kazi ndogo Mji wa Serikali kule Mtumba, mwenye ukumbi anayekukodisha. Wengi wao siku hizi wanataka cheti cha bima kabla hujaingiza hata sufuria. Usisubiri siku hiyo. Bima ya kukatwa kwa haraka ndiyo inayokuja na masharti ambayo hukuyasoma.

Hatua ya kwanza: kagua kazi yako kwa jicho la mgeni

Kabla ya kuuliza bei, chukua daftari, simama nje ya biashara yako, kisha ingia kama mteja ambaye hajawahi kufika. Andika kila kitu kinachoweza kumuumiza mtu au kuharibu mali yake. Majibu hutofautiana sana kwa kazi.

Mama lishe ana mtungi wa gesi, mafuta ya moto karibu na njia ya wateja, na chakula chenyewe. Mpishi wa sherehe ana hayo yote, tena mara mia mbili kwa mlo mmoja, na chakula kinachokaa kwenye hotipoti kwa saa kadhaa. Mwenye saluni ana dawa za nywele zinazounguza ngozi ya kichwa. Anayekodisha hema, viti na muziki ana nyaya zilizopita chini ya miguu ya watu, jenereta, na hema ambalo upepo wa Dodoma haulionei huruma. Nguzo ya hema ikimwangukia bibi wa bwana harusi, hakuna atakayeuliza kamba zilifungwa na nani. Nyumba ya wageni ina bafu linaloteleza, hita ya maji na ngazi zisizo na taa, na kipindi cha Bunge la bajeti, kuanzia Aprili hadi Juni, vyote hivyo hutumika kuliko kawaida.

Fundi wa kuchomelea namweka peke yake. Hatari yake kubwa haiko kwenye karakana yake Kizota, iko nyumbani kwa mteja, anakokwenda kufunga geti au grili. Cheche moja ikiingia kwenye dari au godoro, anawajibika kwa nyumba nzima. Kwa hiyo fundi wa aina hii anapokata bima ahakikishe imeandikwa kwamba inakinga kazi anazofanya nje ya karakana. Asome pia masharti ya kazi za moto, kwa mfano kuwa na kizima moto karibu, kuondoa vitu vinavyoshika moto, na kubaki eneo la kazi kwa muda fulani baada ya kumaliza. Asipoyatimiza, kampuni ina mlango wa kutokea.

Kama fremu yako iko kwenye safu, ongeza jambo moja: dari. Fremu nyingi zimejengwa kwa dari moja inayopita juu ya maduka yote, na moto ukianzia kwako hausimami kwenye ukuta. Bima yako ya moto italipa mali yako. Hasara ya majirani, ikithibitika kwamba ulianza kwa uzembe wako, ni suala la dhima.

Hatua ya pili: jua bima hii inaishia wapi

Hapa ndipo watu wengi huumia, kwa hiyo soma polepole.

Wafanyakazi wako hawamo. Kijana wako wa dukani akidondokewa na mfuko wa saruji, hiyo ni kazi ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioanzishwa kwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008. Mchango wake hutolewa na mwajiri, mfanyakazi hakatwi. Kama una hata mtu mmoja wa mshahara na hujajisajili huko, anza na hilo kabla ya mengine yote. Vibarua wa siku, na shemeji anayekuja "kusaidia tu" siku ya mnada, uulize wazi na upewe jibu kwa maandishi: kampuni inawahesabu kama wafanyakazi au kama watu wa nje?

Magari hayamo pia. Toyo inayopeleka mizigo ya duka lako ikimgonga mtu barabarani, linalojibu ni bima ya chombo.

Mali ya mteja iliyo mikononi mwako kwa kawaida haimo. Kwa wengine sharti hili ni dogo, ila kwa mwosha magari, gereji, dobi na fundi simu ni kama kuambiwa biashara yenyewe haina bima. Mteja amekuachia gari uoshe, kijana wako akalikwaruza ukutani, kampuni itakuambia gari lilikuwa chini ya uangalizi wako. Ipo nyongeza ya mkataba inayoweza kuondoa sharti hili, kwa kulipa zaidi. Kama kazi yako ni ya kushika mali za watu na wakala hakuitaji nyongeza hiyo, itaje wewe. Akishindwa kukuelewa, tafuta wakala mwingine.

Kazi mbaya yenyewe haimo. Ukifunga geti likapinda, bima haitakulipia kutengeneza upya. Geti likidondoka likavunja mguu wa mtoto, mguu unakingwa na geti halikingwi.

Bidhaa uliyouza inaweza isiwemo. Mteja aliyeugua kwa sababu ya keki aliyoila akiwa nyumbani Ilazo si sawa na aliyeteleza dukani. Dhima ya bidhaa mara nyingine huunganishwa kwenye hati hiyo hiyo, mara nyingine hukatwa peke yake. Wapishi, waokaji, wasindikaji wa alizeti wa Kibaigwa na wanaotengeneza mvinyo wa zabibu wasikubali hati isiyotaja bidhaa. Na ushauri wa kitaalamu, kama wa mhasibu, mchora ramani au mfamasia, una bima yake ya dhima ya kitaaluma.

Mengine yanayoachwa nje karibu kila mahali ni faini, madhara ya makusudi, na ahadi ulizojitwika kwenye mkataba kuliko sheria inavyokutaka. Hili la mwisho linawahusu wenye fremu: kuna mikataba ya pango inayosema mpangaji atabeba "hasara yoyote" itakayotokea kwenye jengo. Ukisaini hivyo, bima inaweza kukuacha na ile sehemu uliyojiongezea. Kabla ya kusaini, mkubaliane na baba mwenye nyumba nani anatunza ngazi, paa na nyaya za umeme, na iandikwe.

Hatua ya tatu: chagua ukomo wa fidia

Ukomo ni kiasi cha juu ambacho kampuni italipa. Angalia umeandikwa namna gani: kwa kila tukio, au kwa mwaka mzima. Hati ya milioni 50 kwa kila tukio inaweza kuwa na jumla ya milioni 50 hizo hizo kwa mwaka, na kwa bidhaa mara nyingi ndivyo ilivyo. Mpishi aliyewalisha watu 80 wakaharisha usiku mmoja aulize mapema: hao ni tukio moja au matukio 80? Jibu linabadilisha ukomo, na linabadilisha pia makato.

Makato ni kiasi unachotoa mfukoni kwanza, mawakala wanakiita eksesi. Tuseme hati yako inasema asilimia 10 ya kila dai, isipungue Sh 500,000. Dai likiwa Sh 6,000,000, unatoa 600,000 na kampuni inatoa 5,400,000. Dai likiwa Sh 3,000,000, asilimia 10 ni 300,000, lakini kwa kuwa kima cha chini ni 500,000, unatoa hiyo 500,000. Na dai la Sh 450,000 ni lako lote. Bima yenye ada ndogo na makato makubwa si lazima iwe mbaya. Mimi ningeichagua kwa biashara ambayo ajali zake ni chache lakini nzito. Ila fedha ya makato iwepo mahali, kwenye SACCOS au VICOBA, maana dai halisubiri msimu wa mavuno.

Kiasi gani kinatosha? Usipime kwa ukubwa wa mtaji wako. Muuza chipsi wa mtaji wa milioni moja anaweza kumuunguza mtu mwenye familia na mshahara, na anayeumia hapimwi kwa mtaji wa aliyemuumiza. Fikiria ajali mbaya zaidi inayowezekana kwenye lile daftari lako, uongeze matibabu, miezi ya kutofanya kazi na gharama za kesi. Kama kazi zako ni za zabuni, chukua ukomo wa juu zaidi unaotajwa kwenye mikataba unayoiomba.

Hatua ya nne: nunua kwa mtu anayeruhusiwa

Msimamizi wa soko la bima nchini ni Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA), chini ya Sheria ya Bima ya 2009, na makao makuu yake yako hapa hapa Dodoma. Wakazi wa mikoa mingine wanapiga simu. Sisi tunaweza kwenda kwa miguu. Hakikisha kampuni na wakala wote wawili wana leseni hai.

Una milango mitatu. Wakala anaiwakilisha kampuni. Dalali wa bima anakuwakilisha wewe na anaweza kukuletea bei za kampuni kadhaa. Benki nyingi pia zinauza bima siku hizi, na hapo ni rahisi, ila usikubali kupewa kifurushi bila kuonyeshwa hati yenyewe. Kwa duka la kawaida wakala mzuri anatosha. Kwa mpishi wa sherehe, fundi wa kazi za nje au nyumba ya wageni, ningekwenda kwa dalali.

Omba bei kwa kampuni tatu, kwa maelezo yale yale na ukomo ule ule, la sivyo unalinganisha vitu visivyolingana. Uliza kama bei imejumuisha VAT. Kisha lipa kwenye akaunti au namba ya malipo ya kampuni, kamwe si kwenye simu ya wakala, hata awe mtoto wa shangazi yako. Ada isipofika, hakuna bima. Dai risiti, na hati ikishatoka ihakiki kwenye mfumo wa TIRA MIS kabla hujampelekea mteja cheti.

Wafanyabiashara wa soko moja, au kikundi cha wapishi, wanaweza kuomba bei ya pamoja. Inafaa kujaribu, lakini hakikisha kila mmoja ametajwa kwa jina na ukomo ni wa kila mmoja. Ukomo mmoja wa kugawana watu 40 ni jina tu.

Hatua ya tano: jaza fomu mwenyewe

Wakala atakuambia, "Saini hapa, mengine nitajaza." Kataa. Saini ni yako, na kosa litakuwa lako. Bima inasimama juu ya ukweli kamili: ukificha jambo ambalo lingeifanya kampuni ipandishe ada au ikukatae, inaweza kuikana bima nzima siku ya dai.

Jina la mkata bima lifanane na lililo kwenye leseni ya biashara na TIN. Maelezo ya kazi yataje kila unachofanya: "mgahawa" peke yake haitoshi kama unapeleka pia chakula maofisini na kupika harusi za Chamwino. Taja maeneo yote. Mauzo ya mwaka yasipunguzwe ili ada ishuke. Mwenye nyumba ya wageni aweke na miezi ya Bunge. Ajali za nyuma ziandikwe hata zile ulizozimaliza kimya kimya. Piga picha ya kila ukurasa kabla ya kuikabidhi.

Siku ajali inapotokea

Hii ndiyo sehemu ngumu kwetu, kwa sababu mila na hati ya bima zinavutana. Mtu akiumia kwako, utu unakutaka umpeleke hospitali, umjulie hali, uombe radhi, na wazee wakae muyamalize nyumbani. Hati inasema usikiri kosa, usiahidi wala usilipe kitu bila idhini ya kampuni.

Yanapatanishwa hivi. Mhudumie majeruhi mara moja na umpeleke General au Benjamin Mkapa; hakuna mwenye akili atakayekulaumu kwa kuokoa uhai, na risiti za siku hiyo zitunze. Sema pole, nenda hata kumtembelea. Ila usiseme "kosa ni langu, nitalipa kila kitu", na usisaini karatasi yoyote, hata ikiandikwa ofisi ya serikali ya mtaa mbele ya mwenyekiti. Ndugu wakikubana, waambie kwa heshima: "Wazee wangu, biashara hii ina bima, na nimeshatoa taarifa. Nikiahidi kitu leo, naweza kuwakosesha malipo." Ni kweli tupu, na watu wakielezwa vizuri huelewa.

Siku hiyo hiyo piga picha mahali pa tukio kabla hapajasafishwa, chukua majina na simu za mashahidi, andika saa na kilichotokea bila kuongeza maoni yako. Pata PF3 polisi kwa majeruhi. Ipigie simu kampuni, kisha peleka taarifa kwa maandishi. Ujumbe wa WhatsApp kwa wakala hautoshi. Muda wa kutoa taarifa umeandikwa kwenye hati yako na kuchelewa ni sababu rahisi ya kukataliwa.

Barua ya madai ya wakili ikija baadaye, usiijibu. Ifikishe kampuni haraka. Ikija hati ya wito wa mahakama, ifikishe siku hiyo hiyo, kwa sababu utetezi wa maandishi unatakiwa kuwasilishwa ndani ya siku 21. Na usitupe hati za miaka iliyopita. Madai ya namna hii yanaweza kufunguliwa ndani ya miaka 3, na kwa kawaida bima iliyokuwa hai siku ya ajali ndiyo inayojibu, hata kama tangu hapo umehamia kampuni nyingine.

Kampuni ikikataa

Omba sababu kwa maandishi, zikitaja kifungu cha hati. Kifungu kikiwepo kweli, pima kabla ya kuendelea kupoteza nauli. Kisipokuwepo, andika malalamiko kwa uongozi wa kampuni kwanza. Usiporidhika nenda TIRA, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyowekwa na Sheria ile ile ya 2009 kwa ajili ya watu wasio na uwezo wa kuanza na mahakama. Lile daftari, zile picha za fomu na barua zenye muhuri ndizo zitakazokusemea huko.

Kuhuisha

Mwezi mmoja kabla bima haijaisha, rudia ule ukaguzi wa hatua ya kwanza. Biashara za Dodoma zimebadilika haraka tangu serikali ihamie. Aliyeanza na meza ya chapati leo ana vijana watano na zabuni ya chai ya ofisi, huku hati bado inasema "biashara ya vitafunwa". Mabadiliko makubwa hayasubiri mwaka uishe. Ukifungua tawi Nzuguni, ukianza kupika sherehe au ukinunua jenereta ya kukodisha, andikia kampuni kabla kazi mpya haijaanza, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.